Kazi ya Kutafuta Moto wa Jua



Watu wa Newala waijua thamani ya maji kuliko wengi. Nchi yao iko juu ya uwanda, na mvua inyeshapo huzama mchangani; zamani, kabla ya mabomba, akina mama walishuka mteremko mkali hata bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Leo twataka kunena habari za wataalamu watafutao moto ndani ya maji, na jinsi mtoto wa Masasi au Newala awezavyo kuwa mmoja wao.

Jua haliwaki kwa kuni. Ndani yake viini vya hidrojeni hugongana hata vikaungana, vikawa heli. Katika kuungana huko uzito kidogo hupotea ukageuka kuwa nguvu. Kila sekunde jua hupoteza kadiri ya tani 4,000,000 kwa njia hii. Basi katika maji mna hidrojeni nzito iitwayo deuteri. Ndoo ya lita 20 ina zaidi kidogo ya nusu gramu. Wataalamu huichanganya na triti, iliyo nzito zaidi, nayo hufanywa kwa lithi. Mchanganyiko huo sharti upate joto la nyuzi milioni 100 na zaidi. Hapana chungu kiwezacho kuupokea. Kwa hiyo huzungushiwa nguvu za sumaku, usiguse ukuta.

Kazi hii yataka ukweli kwanza. Mwaka 1958 Waingereza walitangaza kwamba mtambo wao, ZETA, umefaulu. Baada ya miezi michache wakakiri kuwa sivyo. Kwa hiyo Warusi waliposema mwaka 1968 kwamba mtambo wao wa tokamaki umepata joto la nyuzi milioni nyingi, wengi walitia shaka. Warusi hawakukasirika, bali waliwaalika Waingereza waje wapime wenyewe. Mwaka 1969 Derek Robinson, kijana asiyetimiza miaka 30, alikwenda Moscow na wenzake, wakachukua vyombo vya leza. Walipima, wakaona kwamba Warusi wamesema kweli, wakalitangaza jambo hilo ulimwenguni, ijapokuwa serikali za nchi hizo mbili hazikuaminiana. Tangu hapo mataifa mengi yakajenga tokamaki.

Mwaka 2023 mtambo wa JET, huko Culham, Uingereza, ulitoa megajuli 69 kwa muda wa sekunde 5 hivi, kwa miligramu 0.2 tu za mchanganyiko ule. Kupata nguvu kama hizo kwa makaa ya mawe, zingehitajika kilo 2. Walakini msidhani kazi imekwisha. Mtambo ule ulikula nguvu nyingi kuliko ulizotoa, na hata leo hakuna taa ya nyumba iwashwayo kwa moto huu.

Basi mwanafunzi afuate njia gani? Ashike hesabu na fizikia tangu sasa, katika shule kama zile za Ndanda na Chidya, au iliyo karibu naye. Kisha aende chuo kikuu. Pale Dar es Salaam fizikia hufundishwa. Baada ya shahada ya kwanza iko ya pili, na ya tatu ambayo humtaka avumbue jambo jipya yeye mwenyewe. Tena kiko chuo cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam, mtu wa Pakistan, mwaka 1964, ili wataalamu wa nchi maskini wapate mahali pa kujifunza pasipo kuziacha nchi zao daima.

Twasema mvumilivu hula mbivu. Lakini katika kazi hii huenda mvumilivu asile, wakala wanafunzi wake. Robinson alifariki mwaka 2002, asiyaone ya 2023. Ndiyo sababu mtaalamu wa kweli hufundisha: ajuaye peke yake, elimu yake huzikwa pamoja naye. Na ninyi walimu wa vijijini, mfundishapo mtoto kupima joto la maji katika sufuria na kuandika alichokiona, wala si alichotaka kukiona, mmekwisha kumwanzisha katika njia hiyo.