Maumivu ya Mjamzito Katika Miezi ya Mwisho



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo mara nyingi husemwa kuwa ni la wanawake peke yao: maumivu ya tumbo na mgongo yanayompata mama mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho, yaani tangu juma la 28 hadi kujifungua. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba jambo hili si la wanawake peke yao. Askari aliye zamu usiku mpakani Gisenyi anaye mke, dada au binti nyumbani. Aidha, katika vikosi vyetu wamo wanawake wanaovaa sare na kubeba mimba. Na polisi ndiye mtu wa kwanza kukutana na mama aliyezidiwa njiani, hata kabla ya daktari.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika kuokoa maisha ya wazazi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2000 ulikadiria kuwa akina mama 1,071 walikufa kwa ajili ya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika uchunguzi wa mwaka 2019-2020 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 203. Mwaka 2005 ni wazazi 28 tu katika kila 100 waliojifungulia katika vituo vya tiba. Kufikia 2019-2020 walikuwa 93. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, vifo 203 si hesabu ya karatasini tu. Ni nyumba zilizobaki na watoto wachanga bila mama, na vingi miongoni mwake ni vifo ambavyo vingeweza kuzuiwa kama dalili zingalitambuliwa mapema.

Ndugu wasikilizaji, si kila maumivu ni hatari. Mama mjamzito anapokaribia kujifungua, tumbo humvuta mbele na mgongo hulazimika kupinda ili kumpa usawa. Mwili wake hulegeza viungo vya nyonga ili kumfanyia mtoto njia, na kano zinazoushika mfuko wa uzazi hutanuka. Kwa sababu hizo kiuno humuuma jioni, na akisimama ghafla huhisi kichomo kifupi kinenani. Kufunga choo na kiungulia navyo huleta maumivu. Mtoto anapoteremsha kichwa chake katika nyonga, mama huhisi uzito chini ya tumbo. Maumivu ya namna hii huja na kuondoka, tena hupungua mama anapopumzika, anapolala kwa ubavu au anapobadili mkao.

Hapa Gisenyi iko sababu nyingine tunayoiona kila asubuhi. Wako akina mama wengi wanaovuka mpaka mdogo kwenda Goma wakiwa na viazi, mboga na matunda kichwani, na wengine hupanda na kushuka vilima vya Rubavu na maji au kuni. Mgongo wa mjamzito haukuumbwa kubeba mimba na gunia kwa pamoja. Mume anayemwondolea mkewe mzigo huo katika miezi ya mwisho hampunguzii heshima yake, anamlinda. Kadhalika kamanda mwenye askari mjamzito hana budi kumpangia kazi isiyomsimamisha saa nyingi wala kumfunga mkanda mzito tumboni.

Baada ya maumivu ya kawaida yapo ya kukazana kwa mfuko wa uzazi. Wiki kadhaa kabla ya siku yake, mama huhisi tumbo likikaza kama ngumi na kulegea tena. Kukaza huko kukiwa hakuna mpango, na kukipungua akinywa maji na kupumzika, ni mazoezi tu ya mwili. Bali kukaza kukirudi kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana, kukizidi nguvu na kuanzia mgongoni kuja mbele, huo ni uchungu wa uzazi wenyewe. Wako wazazi ambao uchungu wao wote huwa mgongoni, hasa mtoto anapolala uso wake ukielekea mbele ya mama. Kwa hiyo si sahihi kusema, "Ni mgongo tu, tumbo haliumi."

Dalili hizo zikitokea kabla ya juma la 37, mtoto anataka kutoka kabla ya wakati wake. Hapo saa zina thamani kubwa. Mama akiwahi hospitali, daktari anaweza kumchoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa. Akichelewa hadi mtoto awe njiani, nafasi hiyo hupotea.

Sasa tuyataje maumivu ambayo ni ya hatari.

La kwanza ni kondo la nyuma kubanduka kabla mtoto hajazaliwa. Mama hupatwa ghafla na maumivu makali yasiyolegea, na tumbo huwa gumu kama ubao. Damu hutoka, mara nyingi nyeusi nyeusi. Lakini wakati mwingine damu hujikusanya ndani, wala haionekani nje hata tone. Ndiyo maana haifai kusema, "Hajatoka damu, tusubiri asubuhi." Mama anaweza kuzimia na mtoto kufa kwa muda mfupi. Sababu zake ni pamoja na shinikizo la damu, uvutaji wa sigara, kuanguka, ajali ya pikipiki au gari, na pigo la tumboni.

Kuhusu pigo la tumboni, tuseme bila kuzunguka. Mwanamume anayempiga mke mjamzito anahatarisha roho mbili. Na askari polisi anayepokea malalamiko ya mjamzito aliyepigwa ampeleke kwanza hospitali. Maelezo yaandikwe baadaye. Maumivu yaliyotanguliwa na kipigo yasingoje, hata kama mwenyewe anasema amepata nafuu. Utaratibu wa kuunganisha tiba na sheria mahali pamoja umekuwapo nchini tangu kituo cha Isange kilipoanzishwa Kacyiru mwaka 2009.

La pili ni shinikizo la damu la ujauzito, ambalo lisipotibiwa huleta kifafa cha mimba. Maumivu yake huwa juu ya tumbo, chini ya mbavu, hasa upande wa kulia. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo au chakula kibaya. Yakiambatana na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, hapana shaka tena: mama apelekwe mara moja. Kipimo cha damu cha 140 kwa 90 au zaidi katika ujauzito ni onyo. Dawa ya kuzuia kifafa hicho ipo na haina siri. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini sindano haiwezi kumfuata mama aliyebaki kitandani nyumbani.

La tatu ni ugonjwa wa figo unaotokana na maambukizi ya njia ya mkojo. Haya ni maumivu ya mgongo wa upande mmoja, chini kidogo ya mbavu, na mama huwa na homa, kutetemeka, kutapika, na mkojo humchoma. Kwa kuwa mgongo wa mjamzito huuma kila siku, ugonjwa huu hupita bila kutambuliwa mpaka uanzishe uchungu kabla ya wakati au usambae katika damu. Mgongo wenye homa si uchovu. Malaria nayo huweza kuleta homa na kukaza kwa tumbo. Ni kipimo cha damu kitakachoamua, wala si kukisia.

La nne linawahusu waliowahi kujifungua kwa upasuaji. Kovu la mfuko wa uzazi linaweza kupasuka wakati wa uchungu. Mama huyo asijaribu kujifungulia nyumbani, na anapohisi uchungu aende hospitali yenye chumba cha upasuaji mapema, asingoje uchungu ukomae.

Magonjwa mengine ya tumbo nayo hayamwachi mtu kwa sababu ni mjamzito. Kidole tumbo huweza kuuma juu kuliko mahali pake pa kawaida, maana mimba hukisukuma. Na mawe ya nyongo huleta maumivu chini ya mbavu baada ya chakula. Kuyatenganisha hayo yote ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni kumfikisha.

Ndugu wasikilizaji, yako pia mambo ya kuepukwa. Vidonge vya ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo askari wengi huvitumia baada ya mazoezi na mwendo mrefu, si vya kumpa mjamzito. Katika miezi ya mwisho vinaweza kufunga mshipa muhimu wa moyo wa mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Mume asitoe kidonge katika mkoba wake wa kazi kwa nia njema akamdhuru mwanawe. Parasetamoli inaweza kutumika kwa ushauri wa mganga wa kituo, lakini hata hiyo isitumiwe kunyamazisha maumivu makali yasiyojulikana chanzo. Kadhalika tumbo linalouma lisikandwe kwa nguvu, na mama asinyweshwe dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu, kwa maana zipo zinazoukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi.

Mwaka 1994 wataalamu Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kuwa mzazi huangamizwa na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata tiba baada ya kufika. Ninyi mliozoea kupima muda wa kila operesheni mtayaelewa maneno hayo upesi.

Ucheleweshaji wa kwanza hutokea nyumbani, na kwa familia ya askari ndio mkubwa. Mume yuko lindoni na simu imezimwa kwa amri. Mke anasema, "Nimngoje baba watoto arudi." Jambo hili lazima likomeshwe. Kila askari ampe mkewe, leo, ruhusa isiyohitaji kurudiwa: akiona dalili hizi, aondoke. Kadi ya bima, iwe ya MMI au ya mituweli, kitabu cha kliniki, nauli na nguo za mtoto viwe mahali pamoja panapojulikana na jirani. Mshauri wa afya wa kijiji ajue siku ya kujifungua.

Wa pili ni wa njia. Kutoka Bugeshi au Busasamana, chini ya milima ya volkano, hadi Hospitali ya Gisenyi si safari ya kubahatisha usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, ukabomoa nyumba na kukata barabara. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, ardhi ikatikisika siku kadhaa na nyumba za Gisenyi zikapasuka, huku maelfu wakivuka kutoka Goma. Katika umati kama huo hawakosekani wajawazito. Kwa hiyo kila kikosi kijue mapema ni gari gani litatumika, ni njia ipi ya pili, na namba ya gari la wagonjwa ni 912. Mahali pasipofika gari, machela yetu ya jadi, ingobyi, na mabega manne ya wanaume bado yanaokoa. Na askari aliye kizuizini akiona mama anayejikunja kwa maumivu ndani ya gari, asimwambie ashuke apange mstari. Alifungulie njia.

Wa tatu ni wa hospitalini, na hata hapo mnao mchango. Mama anayevuja damu huhitaji damu. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali kutoka Muhanga, lakini ndege haibebi damu isiyotolewa na mtu. Kikosi kinachojitokeza kuchangia damu kimefanya kazi ya ulinzi kama kilichokesha mpakani.

Kwa kumalizia, tuyaweke mambo haya kwa ufupi unaoweza kukaririwa wakati wa gwaride. Maumivu yasiyolegea, tumbo gumu, damu au maji kutoka, homa, kichwa na macho, maumivu chini ya mbavu, mtoto kupunguza kucheza, kukaza kwa vipindi kabla ya juma la 37. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha. Mama akifika hospitali na kuambiwa hana tatizo, hiyo si aibu wala si hasara. Ni sawa na doria iliyorudi salama.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mama aseme anavyoumwa, na mume asikilize bila kudharau. Mlinzi wa nchi anaanza na nyumba yake.