Kusimama Mbele ya Wageni: Kiingereza Kidogo Kinachotosha

Mazungumzo na wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia



Nimeombwa niseme juu ya Kiingereza cha kuelezea kazi ya kikundi mbele ya wageni: ofisa wa kaunti, watu wa benki, ama wafadhili wanaokuja kutazama mradi. Mimi si mwalimu wa Kiingereza. Nilikuwa katibu wa kikundi cha maji kwa miaka mingi, na haya nitakayowaambia niliyajua kwa kuaibika. Kwa hivyo wacha nianze na aibu yangu.

Tulikuwa tunajenga tangi la maji. Nusu ya pesa tulikuwa tumepata, na nusu ya pili ilingoja wageni waje waone kazi. Kazi yenyewe ilikuwa imesimama kwa sababu fundi aliugua, na mifuko 12 ya simiti ilikuwa stoo, imefungiwa kwa kufuli. Mgeni akaniuliza: "You have not used the remaining cement?" Yaani, hamjatumia simiti iliyobaki? Nikajibu haraka: "Yes."

Kwa Kiswahili ningekuwa nimesema kweli: ndiyo, hatujatumia. Lakini mwenye Kiingereza akisikia "Yes" hapo, anaelewa kwamba imetumika. Mgeni akatazama tangi, akaona ukuta umefika magotini tu, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hakuuliza tena.

Baada ya wiki 3 barua ikaja: simiti ilikwenda wapi? Tulijibu, tukaeleza, tukaomba watu waje wahesabu mifuko. Mambo yalinyooka, lakini ilichukua miezi 8. Muda huo wote akina mama walikuwa wakichota maji mtoni, na mvua ya masika ikapita bila tangi la kuipokea. Kijijini nako watu wakaanza kunong'ona kwamba kamati imekula simiti. Neno moja tu, ndugu zangu.

MITEGO MINNE

Mtego wa kwanza ndio huo. Swali lenye "not" ndani yake usilijibu kwa neno moja. Jibu kwa sentensi nzima: "No, we have not used it. It is in the store." Hapo hakuna wa kukosea.

Mtego wa pili ni hesabu. "Fifteen" ni 15 na "fifty" ni 50, na masikioni yanafanana sana. Vivyo hivyo "thirteen" na "thirty", 13 na 30. Ukitaja shilingi elfu kumi na tano, mgeni anaweza kuandika elfu hamsini, na siku ya ukaguzi utaulizwa zile elfu thelathini na tano ziko wapi. Basi kila hesabu unayotaja iwe imeandikwa kwenye manila ukutani, nawe uionyeshe kwa kidole.

Mtego wa tatu ni saa. Saa tatu asubuhi ni "nine o'clock", si "three o'clock". Saa nne ni "ten o'clock". Tofauti ni saa sita kila mara. Ukikosea kwenye barua ya mwaliko, chai itapoa na watu watarudi shambani kabla mgeni hajafika.

Mtego wa nne ni pesa zenyewe. "Grant" ni msaada usiorudishwa. "Loan" ni mkopo, utarudishwa. Usiseme "grant" ukiwa benki, wala usikubali "loan" ukidhani ni zawadi. Na kama hujui ni ipi, uliza hapo hapo kabla hujatia sahihi: "Is this a grant or a loan?"

SENTENSI ZA KUSHIKA

Sasa tuje kwa maneno ya kupanga mazungumzo. Hayahitaji kuwa mengi.

Kufungua, sema: "Good morning. I am the secretary of this group. I will talk about three things: what we planned, what we have done, and what remains." Yaani tulichopanga, tulichofanya, na kilichobaki. Ukishasema hivyo, umejiwekea njia. Hutatangatanga, na mgeni anajua mahali ulipofika.

Kuhama kutoka jambo moja hadi lingine: "Let me start with the plan." Halafu: "Now I come to the work." Halafu: "Lastly, what remains."

Kuonyesha hesabu: "As you can see here, we received this much, we spent this much, and the balance is this." "Received" ni tulizopokea, "spent" ni tulizotumia, "balance" ni salio. Mkiwa mmetoa mchango wenu, msiuache nyuma: "Members also gave sand, stones and labour." Mchanga, mawe na nguvu za mikono ni mali. Vikundi vingi hunyamaza juu ya jambo hili, na mgeni anaondoka akidhani yeye ndiye aliyejenga peke yake.

Kueleza shida: mficha maradhi, kifo humuumbua. Taja shida, sababu yake, na hatua mliyochukua. "We had a problem. The mason was sick for six weeks. Now he is back, and we shall finish in March." Mimi siku ile ningesema sentensi hizo tatu, barua isingekuja.

Usipoelewa swali: "Please say that again, slowly." Ama hivi: "Do you mean the cement in the store?" Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuitikia usichokijua.

Usipokuwa na jibu: "I do not have that figure today. I will send it by Friday." Kisha Ijumaa ifike, nawe uwe umetuma. Usibuni hesabu hata siku moja. Kama mwenzako ndiye anayejua, mpe nafasi: "Our treasurer will answer that."

Kufunga: "That is all from us. Thank you for listening. Are there any questions?"

LUGHA NI YA NANI?

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo kubwa. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Kwa hivyo mkienda ofisi ya serikali na Kiswahili chenu, hamjaenda kuomba hisani. Na hata kwa mgeni wa kutoka mbali, Kiingereza kikikwama sema: "Allow me to explain this in Kiswahili." Atatafutwa mtu wa kufasiri, na maneno yako yatafika yakiwa mazima.

Nasema hivi kwa sababu siku ile mweka hazina wetu alikuwa amesimama nyuma yangu, hatua mbili hivi. Ufunguo wa stoo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake. Alijua mifuko ni 12, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa ameihesabu asubuhi. Lakini hakuelewa nilichoulizwa wala nilichojibu. Angesikia swali lile kwa Kiswahili, angefungua mlango na kesi ingeishia hapo hapo.

Basi fanyeni hivi. Kila mnapomaliza sehemu moja kwa Kiingereza, rudieni kwa Kiswahili ama kwa lugha ya nyumbani, ili wanachama wasikie yanayosemwa juu ya mali yao na waweze kusahihisha. Wala msingoje siku ya wageni. Kwenye mkutano wenu ujao, mmoja awe mgeni, aulize maswali magumu, hasa yale yenye "not", na katibu ajibu mbele ya wote. Mkicheka, chekeni. Afadhali kucheka huko kuliko kuandikiwa barua.

Hayo tu kutoka kwangu. Kuna maswali?