Mzazi Asisubiri Mtaa Umfundishe Mtoto Wake

Mada iliyotolewa katika mkutano wa wazazi na walezi wa kata



Zamani katika jamii nyingi, mzazi hakulazimika kusema mengi. Binti alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi. Mvulana alifundwa jandoni. Mzazi alinyamaza kwa heshima, akijua yupo anayesema kwa niaba yake. Leo kungwi hayupo, shangazi anaishi mji mwingine, lakini ukimya wa mzazi umebaki palepale. Pengo hilo hujazwa na rafiki, simu ya mkononi, au mtu mzima mwenye nia mbaya.

Gharama yake inaonekana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionesha kuwa wasichana 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata ujauzito.

Wazazi wengi hudhani kuwa kumweleza mtoto habari za mwili wake ni kumchochea afanye ngono. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa elimu sahihi haina athari hiyo. Wengine husema mtoto bado mdogo. Ukweli ni kwamba yai laweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza. Hivyo binti ambaye hajavunja ungo anaweza kushika mimba, hata kwa tendo la mara moja. Wapo pia akina baba wanaoliacha jukumu hili kwa mama peke yake, ilhali mvulana anayebalehe huhitaji kuambiwa juu ya ndoto nyevu, wajibu wake, na kumheshimu msichana.

Mazungumzo haya hayahitaji kikao cha ukoo. Mama aweza kuyaanza akichambua mboga na bintiye, baba akiwa njiani kwenda shambani na mwanawe. Mtoto anayeuliza asijibiwe kwa kofi. Aliyepigwa leo kwa kuuliza, kesho hatasema kwamba kuna mtu anamshawishi au amemdhuru.

Mzazi asiyejua la kusema afike zahanati kuuliza. Huko pia kijana hupata ushauri kwa faragha, na msichana wa miaka 9 hadi 14 hupata bila malipo chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu.

Na binti aliyekwisha kupata ujauzito asifukuzwe nyumbani. Ahudhurishwe kliniki mapema. Tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu kurejea shuleni baada ya kujifungua. Mlango ambao Serikali imeufungua, mzazi asiufunge.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mzazi aanze leo jioni, kwa swali moja, kisha asikilize.