Sindano ya Mwisho: Usalama wa Homoni za Kuchochea Ovari



Sindano ninazozizungumzia leo si zile za miezi mitatu za uzazi wa mpango. Hizi ni za kutafuta mtoto. Homoni ya FSH, peke yake au pamoja na LH, huchomwa kila siku chini ya ngozi ya tumbo. Kisha huja ya mwisho, hCG, inayokomaza yai na kulitoa baada ya saa 36 hivi. Nitakaa zaidi kwenye hiyo ya mwisho, kwa sababu madhara mazito mengi hupitia hapo.

Kabla ya yote, mume apimwe mbegu na mirija ya mke ichunguzwe. FSH haizibui mirija iliyoharibiwa na maambukizi, na kwetu Afrika tatizo hilo ni kubwa. Na mume aulizwe kama anachoma testosteroni ili atunishe misuli, maana sindano hiyo huzima utengenezaji wa mbegu. Mwanamke mwenye ovari za vifuko vingi huanza na vidonge vya letrozoli. Sindano hufuata vikishindwa.

Katika mwezi wa kawaida vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua pamoja. Kimoja kikitangulia, FSH hushuka na vilivyobaki hunyauka. Sindano ya kila siku huiondoa breki hiyo. Mwenye ovari za vifuko vingi anaweza kuchelewa kuitikia, halafu vikaibuka vingi kwa mpigo. Kwa hiyo kama lengo ni yai moja, ataanzishiwa uniti 75 au nusu yake, na dozi isiongezwe upesi. Haraka ya mgonjwa, au ya mama mkwe wake, si sababu ya kuipandisha.

Idadi ya vifuko haijulikani kwa kupapasa tumbo. Kituo kisicho na ultrasaundi kisitoe dawa hizi. Hapo sioni la kujadili.

Vikionekana vingi mno, hCG huzuiwa, mzunguko ukaishia hapo, na wenzi wakaambiwa wasikutane bila kinga. Kusema ni rahisi. Dawa zimenunuliwa kwa fedha ya mfukoni, pengine kiwanja kimeuzwa, na daktari naye anaona haya. Ndiyo maana uwezekano wa kusimamisha uelezwe kabla kichupa cha kwanza hakijanunuliwa. Kwa wanaopandikizwa viinitete kuna njia nyingine: kukomaza mayai kwa dawa isiyo hCG, kugandisha viinitete vyote, na kusubiri mwezi mwingine.

hCG ikichomwa juu ya ovari zilizochochewa kupita kiasi, mishipa midogo huanza kuvujisha maji. Tumbo hujaa, damu huwa nzito na huweza kuganda miguuni au mapafuni, figo huelemewa. Dalili ni uzito kupanda kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo kupungua, kutapika, kukosa pumzi. Mimba ikishika, yenyewe hutoa hCG, hivyo hali inaweza kuzuka upya au kuzidi wiki moja au mbili baadaye, mgonjwa akiwa amekwisharudi kijijini. Kipimo cha mimba nacho kikifanywa mapema mno kitasoma hCG ya sindano na kuwapa watu furaha ya bure.

Basi muuguzi wa zamu wa hospitali ya wilaya, ambaye hajawahi kuviona vichupa hivi, ndiye atakayempokea. Asikimbilie dawa za kukojosha kwa sababu ya tumbo kujaa: maji yamehama kutoka kwenye mishipa, na damu tayari imekaukiwa. Tumbo lisibonyezwe kwa nguvu, maana ovari zilizovimba huweza kupasuka. Apime uzito, mkojo na wingi wa damu, kisha apige simu kituo kilichoanzisha matibabu. Namba hiyo iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa tangu siku ya kwanza, na iwe ya simu inayopokelewa usiku.