BARABARA NI YETU, SHERIA NI YETU, ROHO NI ZETU

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, madereva na vijana wa pikipiki huko Tosamaganga, Iringa. Tunayachapa ili yawafikie na wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Nimeombwa niseme juu ya usalama barabarani. Najua wako wenye kudhani jambo hili ni la polisi, na kwamba Chama kina mambo makubwa zaidi ya kuzungumza. Napenda kuanza kwa kulijibu wazo hilo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipohesabu mahitaji ya maendeleo lilianza na watu. Wanaokufa barabarani ni watu, na wengi wao ni vijana wenye nguvu, ambao taifa limewasomesha na wazazi wao wanawategemea. Chama kisichojali kufa kwa watu hao kitamjengea nani nchi?

Tena msiba huu hauchagui cheo. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu wetu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma. Hakufika. Alifariki karibu na Dakawa, Morogoro, katika ajali ya motokaa. Nchi nzima ililia. Kiongozi ambaye taifa lilimtegemea aliondoka kwa dakika moja ya barabarani. Ikiwa yalimkuta Waziri Mkuu aliyekuwa katika msafara, wewe na mimi tuna kinga gani?

Ndugu zangu, sisi wa Iringa na Mbeya tunaishi kando ya barabara kubwa yenye historia. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake wa hila tarehe 11 Novemba 1965, ndugu zetu wa Zambia walifungiwa njia ya mafuta na ya shaba. Malori yakapita hapa kwetu usiku na mchana yakibeba mapipa ya mafuta, vumbi wakati wa kiangazi, matope wakati wa masika. Wageni waliiita njia ya Jehanamu, kwa jinsi ilivyomeza malori na madereva. Ndipo ikajengwa barabara ya lami, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi barabara hii ni tunda la umoja wa Afrika. Ni aibu kubwa kwetu ikiwa njia iliyojengwa kwa ajili ya kuwaokoa ndugu zetu tutaigeuza tena kuwa Jehanamu kwa mikono yetu wenyewe.

Na hali ndivyo inavyoelekea. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori, na kontena likaliangukia basi lile. Watu zaidi ya 40 walikufa. Kila anayesafiri anaijua Kitonga, anaujua mteremko wa Iwambi kule Mbeya. Tukipita mahali hapo tunanyamaza kidogo ndani ya basi, kisha tukifika chini salama tunaanza tena kumwambia dereva aongeze mwendo!

SABABU ZIPO

Watu husema, "Ilikuwa kazi ya Mungu." Siku ya kufa aijuaye ni Mungu, lakini dereva anayepita lori kwenye kona ya Kitonga bila kuona mbele hakutumwa na Mungu. Tuzitazame sababu moja moja.

Ya kwanza ni mwendo. Motokaa inayokwenda kilomita 50 kwa saa inapita mita 14 kwa kila sekunde moja. Ikienda kilomita 80, inapita mita 22. Dereva akiona mtoto ameingia barabarani, yampita kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Maana yake, kwa mwendo wa 80 motokaa imekwisha kula mita 22 kabla breki haijaanza kazi. Na breki ikianza, mwendo ukiwa umeongezwa mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Hesabu hiyo haimjali dereva hodari wala dereva mwanafunzi. Ndiyo maana sheria ikasema ndani ya miji na makazi tusizidi kilomita 50 kwa saa, na gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 lisizidi 80. Na wewe unayesoma ujumbe wa simu kwa sekunde tatu tu katika mwendo huo wa 80, umekwenda mita 66 ukiwa kipofu.

Ya pili ni miteremko. Wako madereva ambao wakifika kilele cha mlima hutoa gia na kuliacha gari lijitelemkie, ati wanaokoa dizeli. Ndugu, injini ikiwa kwenye gia ndogo hulishika gari. Ukiitoa gia, mzigo wote unaangukia breki. Breki zikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto, na zikipata moto hazishiki tena. Hapo dereva hana gari, gari lina dereva. Wazee wa malori walituachia kanuni nzuri: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Mafuta unayookoa kwa kutoa gia hayatatosha hata kununua sanda.

Ya tatu ni kupita magari mahali pasipo na nafasi. Sheria yakataza kupita kwenye kona, kwenye kilele cha mlima, na penye mstari usiokatika. Madereva wetu wana desturi ya kuoneshana taa, wa mbele akimwambia wa nyuma apite. Ni hisani njema, lakini hisani si amri. Wa mbele anaweza kukosea, na atakayekufa ni wewe. Kama macho yako hayajaona, usipite. Na wakati wa baridi, ukungu unapofunika barabara kule Mafinga na Makambako, washa taa, punguza mwendo, acha nafasi.

Ya nne yatuhusu sana watu wa hapa. Wengi huleleza kwamba jina la Tosamaganga maana yake ni kutupa mawe. Basi nadhani wako madereva walioamua kulieneza jina letu barabara nzima! Lori likiharibika, utingo hutafuta jiwe akaweka nyuma ya tairi, na matawi ya miti barabarani kuwa ishara. Gari likipona wanaondoka, jiwe linabaki. Usiku anakuja kijana wa pikipiki, halioni. Kila gari liwe na alama za pembetatu zinazong'aa, na ziwekwe mbali ili wenye kuja waone mapema. Na ukilazimika kutumia jiwe, liondoe kabla hujaondoka. Jiwe lile ni mali ya kilima, si mali ya barabara.

VIJANA WA PIKIPIKI

Sasa nawageukia ninyi vijana wangu. Sikuja kuwatukana. Kazi yenu ni kazi ya heshima. Mama mja mzito akishikwa na uchungu kijijini usiku, mara nyingi ni nyinyi mnaomfikisha hospitali ya hapa Tosamaganga. Mnabeba mahindi, walimu, dawa na habari. Lakini mwenye motokaa ana bati la kumkinga. Wewe bati lako ni kichwa chako.

Kwa hiyo sheria inakutaka uvae kofia ngumu, na abiria wako umpe yake. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi walikuta kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ni lazima iwe kichwani na mkanda ufungwe. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani inaulinda usukani.

Beba abiria mmoja. Nawaona wengine wanabeba wanafunzi watatu, na mdogo amekaa juu ya tangi. Uzito ukiwa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi. Kwenye vumbi na changarawe usukani haukutii tena. Usipite magari kwa upande wa kushoto, kwa maana huko ndiko abiria anakoshukia. Usiku washa taa, na ile ya nyuma iwake pia.

Lakini haki ni haki, nami sitamlaumu kijana peke yake. Pikipiki nyingi si zao. Kijana anapewa kwa mkataba, na kila jioni anadaiwa hesabu. Mvua inyeshe isinyeshe, hesabu ipelekwe. Ikifika saa kumi na moja hajatimiza, atafanya nini ila kukimbia? Sasa nauliza, na wenye pikipiki humu ndani mnisikie vizuri: wewe uliyempa chombo kijana asiye na leseni, ukamnyima kofia, ukamwekea hesabu isiyowezekana bila kukimbia, akianguka wewe huna lawama? Chama chetu kilikataa unyonyaji wa mtu kwa mtu. Kuchuma fedha juu ya fuvu la kijana wa jirani yako ni unyonyaji, hata kama mwenye kuchuma ana kadi ya Chama mfukoni.

BENDERA SI LESENI

Na hapo niseme neno ambalo huenda lisipendeze. Wakati wa mikutano na misafara yetu, tunawaita vijana wapambe pikipiki kwa bendera. Wanakuja watatu watatu, bila kofia, wanasimama juu ya viti, wanakimbizana mbele ya magari ya viongozi, nasi tunapiga makofi! Tunawafundisha nini? Bendera ya Chama si leseni wala si kofia. Tena wako wanachama ambao wakikamatwa na askari kwa kosa, jambo la kwanza ni kumpigia simu kiongozi awaombee waachwe. Na wako wanaotoa shilingi chache ili kosa lifutwe. Kosa halifutwi, ndugu. Breki mbovu uliyoihonga Iringa itakukumbuka ukifika Kitonga.

Zamani, wakati wa mkoloni, mtu akikwepa amri ya Bwana Shauri aliweza kujiona shujaa. Sheria ile hakuitunga yeye. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973 na Bunge letu wenyewe, miaka 12 baada ya Uhuru. Anayeivunja hamkomoi Gavana. Anamkomoa mtoto wa shule anayetembea pembeni. Tulidai kujitawala, basi kujitawala kunaanza na mtu kuutawala mguu wake juu ya mafuta, na mkono wake juu ya chupa. Pombe na usukani havikai nyumba moja. Ulanzi ni kinywaji cha kwetu, nami siukatazi, lakini aliyeunywa mpeni mahali pa kulala, msimpe ufunguo.

ABIRIA NA WENYE KUTEMBEA

Abiria naye ana kazi. Mwambie dereva apunguze mwendo. Umelipa nauli ya kufika, hukulipa nauli ya kufa. Funga mkanda. Wazazi, wafundisheni watoto watembee upande wa kulia wa barabara, wakiyaelekea magari, kwa kuwa magari yetu hupita kushoto. Mtoto anayeona gari likija aweza kuruka pembeni. Anayetembea akiligeuzia mgongo hana habari.

Na ajali ikitokea, tukumbuke ubinadamu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Gari la mafuta likianguka, kimbieni mbali nalo na mwazuie wengine. Majeruhi msimnyanyue kama gunia; shingo na mgongo vishikwe vikiwa vimenyooka, na damu inayotoka igandamizwe kwa kitambaa safi. Anayempekua majeruhi mifuko tumwite kwa jina lake: mwizi wa maiti.

TUAZIMIE

Ndugu Mwenyekiti, mkutano bila maazimio ni soga. Naomba tuazimie haya:

1. Kila msafara wa Chama katika eneo letu uwe wa watu wenye kofia ngumu, abiria mmoja kwa pikipiki moja, na asiyetimiza aondolewe.

2. Kila mwanachama mwenye pikipiki ya mkataba ampe kijana wake kofia mbili, ahakikishe ana leseni, na hesabu ya siku za mvua ipunguzwe.

3. Kiongozi yeyote asimpigie askari simu kumwombea mvunja sheria.

4. Vijana wa kila kijiwe wachague mmoja wao wa kukagua breki, taa na matairi kila Jumatatu asubuhi.

5. Kila anayekuta jiwe barabarani asimame mahali salama aliondoe, hata kama hakuliweka yeye.

Hakuna hata moja hapo linalongoja fedha za Serikali. Linalotakiwa ni nia. Wazee wetu wa Uhehe walijenga ngome ya mawe pale Kalenga kuwakinga watu wao. Sisi hatuombwi kujenga ngome. Tunaombwa tuvae kofia, tushike gia, tuondoe mawe.

Haya, Ndugu Mwenyekiti, naomba azimio la kwanza lipigiwe kura sasa hivi, kabla vijana hawajawasha pikipiki zao kwenda nyumbani.

Uhuru na Kazi!