Orodha Kwanza, Boksi Baadaye

Msikilizaji uliye Muscat au Dubai, unarudi Tanzania moja kwa moja na vyombo vinakuja kwa meli? Andika orodha kabla hujafunga boksi. Kila boksi lipe namba, na kila kilichomo kitaje: sufuria, mashuka, friji iliyotumika. Usiandike "vitu vya nyumbani" ukaishia hapo. Ukifanya hivyo, unamkaribisha afisa forodha alifungue boksi. Jina kwenye hati ya shehena lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Vyombo ulivyovitumia mwenyewe vinaweza kusamehewa ushuru. Simu mpya za kuuza, hapana, hata ukizifunika mashuka! Narudia: orodha kwanza. Nakala ibaki mkononi, si ndani ya kontena. Na mtafute wakala wa forodha mwenye leseni kabla meli haijang'oa nanga.