Vitenzi vya Kikorea

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, ndugu walimu, wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi wadogo zangu mlioketi huko nyuma:

Nimeombwa niseme juu ya miaka yangu ya masomo ya uhandisi huko Korea Kusini. Habari za theluji na majengo marefu mtazipata kwa wengine. Mimi nitasema juu ya vitenzi, kwa kuwa nimearifiwa kwamba wapo vijana wa kidato cha sita wanaoitaka nafasi ya masomo inayotolewa na serikali ya nchi ile. Wajue tangu sasa kwamba anayekwenda kwa nafasi hiyo kwa kawaida huwekwa mwaka mzima ajifunze lugha kwanza, na hutakiwa afikie walau daraja la 3 kati ya madaraja 6 ya mtihani wa Kikorea ndipo aingie katika masomo yenyewe.

Maandishi yasiwatishe. Mfalme Sejong aliyatangaza mwaka 1446 ili raia wa kawaida waweze kusoma, na herufi za msingi leo ni 24 tu. Kazi iko katika kitenzi.

Katika kamusi kila kitenzi huishia na "da". Gada ni kwenda, oda ni kuja, meokda ni kula, masida ni kunywa, jada ni kulala. Ondoa "da", ubaki na mzizi, kisha utie viungo nyuma yake. Gayo, naenda. Gasseoyo, nilikwenda. Sisi tuliozoea kubandika "ni" na "li" mbele ya mzizi, hapa mzigo wote unahamia nyuma. Tena kitenzi chenyewe hukaa mwisho wa sentensi: "Bap-eul meogeoyo", yaani wali nakula. Na anayekula ni nani? Hakuna kiambishi cha kumtaja. Gayo yaweza kuwa naenda, unaenda au anaenda. Msikilizaji atajua kwa mazungumzo yanavyokwenda.

Kipo kitenzi kimoja chenye baraka nyingi, hada, kufanya. Gongbu ni masomo, gongbuhada ni kusoma. Cheongso ni usafi, cheongsohada ni kufanya usafi. Jeonhwa ni simu, jeonhwahada ni kupiga simu. Ni kama "piga" yetu: piga simu, piga pasi, piga deki. Na kama sisi, Wakorea wanakula hata visivyolika. Sisi tunakula kiapo na kula hasara; wao wanakula hofu, wanakula dawa, na timu yao ikifungwa imekula bao. Mzee kwetu amekula chumvi nyingi. Kwao amekula umri. Nilipoliona hilo nilihisi niko karibu na nyumbani kidogo.

Kuvaa, hata hivyo, kulinitoa jasho. Shati ni ipda, viatu ni sinda, kofia na miwani ni sseuda, glavu ni kkida. Nilivikariri asubuhi kwa kuvitenda, nikitaja kila kitenzi huku nikivaa chombo chake. Kwa maoni yangu hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo kwa vitenzi vya kila siku. Kukariri orodha kitandani ni kulala tu.

Heshima nayo inaingia ndani ya kitenzi. Rika lako utamwuliza kama amekula kwa meokda. Mzee utabadili neno lenyewe, utumie deusida au japsusida. Kulala kwa mzee si jada, ni jumusida. Ila wewe mwenyewe usijipandishe: hata uwe profesa, ukilala umelala kwa jada.

Sasa niwaambie kwa nini nasisitiza mzizi. Katika mwaka wangu wa pili nilikuwa kiwandani kwa mazoezi ya kazi. Mwenzangu mmoja, mgeni kama mimi kutoka nchi nyingine, alinyoosha mkono kwenye mashine ya kukandamiza bati. Msimamizi akapaza sauti: "Manjijima!" Darasani tulifundishwa "manjiji maseyo", tafadhali usiguse. Penye hatari hakuna mwenye nafasi ya kumalizia "seyo". Mwenzangu alikuwa amekariri sentensi nzima nzima, na kelele ile fupi ikampita. Mimi nilisikia manji, kugusa, nikamvuta mkono. Mashine ikashuka. Vidole vyake vyote kumi anavyo, na kila mwaka mpya hunitumia salamu.

Wadogo zangu, maswali ya karatasi za maombi niachieni baada ya chakula, nitakaa nanyi chini ya mwembe. Kwa sasa muda wangu umekwisha. Mkorea anayeondoka humwambia anayebaki "annyeonghi gyeseyo", kaa kwa amani. Na anayebaki humjibu "annyeonghi gaseyo", nenda kwa amani. Wakiondoka wote wawili, kila mmoja husema gaseyo. Basi wenzangu tunaopanda basi jioni hii, annyeonghi gaseyo. Na ninyi wa bwenini, annyeonghi gyeseyo.